Kipupwe katika Nchi ya Choma

1. Majira yenye neema na hatari

Choma ni kata katika wilaya ya Igunga, mkoa wa Tabora. Watu wengi huiita Choma cha Nkola. Wenyeji wake ni wakulima na wafugaji. Hulima mtama, mahindi, viazi vitamu, karanga na pamba. Tena hufuga ng'ombe, mbuzi na kondoo.

Katika nchi hii mvua huanza kunyesha mwezi wa Novemba, nayo hukoma Aprili au mwanzo wa Mei. Kisha huja miezi mikavu. Miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ya kipupwe. Mbingu huwa safi bila wingu, upepo wa kusini mashariki huvuma, majani hukauka, na mito ya mchanga hubaki bila maji juu yake.

Mtu mzima hukipenda kipupwe. Mavuno yamo ghalani, jembe limepumzika, na harusi na ngoma ni nyingi. Lakini mtoto mchanga hajui ghala wala ngoma. Yeye hujua kwamba mchana alikuwa na joto, na sasa usiku anatetemeka. Basi katika somo hili tutajifunza jinsi mume na mke vijana, wenye watoto wadogo, wawezavyo kuyapita majira haya kwa salama. Neno kubwa la somo letu ni hili: usiku wa kipupwe hutengenezwa mchana.

2. Sababu ya baridi

Nchi ya Tabora iko juu sana, kadiri ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Na kadiri mtu anavyopanda juu, ndivyo hewa inavyozidi kuwa ya baridi. Hiyo ni sababu ya kwanza.

Sababu ya pili ni kukosa mawingu. Mchana jua huipasha nchi moto. Usiku nchi hiyo hutoa joto lake na kulirudisha juu. Wakati wa masika mawingu huwa kama blanketi, huzuia joto lisitoke lote. Wakati wa kipupwe blanketi hilo halipo. Kwa hiyo mjini Tabora, mwezi wa Julai, joto la mchana hufika digrii 28 hivi, lakini kabla ya mapambazuko hushuka mpaka digrii 15 au chini kidogo.

Sababu ya tatu ni mwendo wa dunia. Mwezi wa Juni upande wa kaskazini wa dunia huwa umelielekea jua zaidi, na sisi tulio kusini ya ikweta huwa tumeinama mbali nalo kidogo. Ndiyo maana watu wa Uingereza huona joto mwezi wa Julai wakati sisi tunajifunika, nao huona baridi yao mwezi wa Januari wakati sisi tunapalilia mashamba.

Labda mwanafunzi atasema, "Huko kwao maji huganda yakawa mawe. Digrii 15 ni baridi gani?" Jibu lake ni rahisi. Nyumba zetu na nguo zetu zimefanywa kwa ajili ya joto. Na joto hilo hupungua digrii 13 katika usiku mmoja. Tena mwili wa mtoto ni mdogo. Tazama ugali: ulio chunguni hukaa na moto wake muda mrefu, lakini tonge lililo mkononi hupoa mara moja. Baba ni kama ugali wa chunguni, na mtoto mchanga ni kama tonge. Hewa isiyomwamsha baba yaweza kumdhuru mtoto.

3. Wazee wetu na majira haya

Hapo kale kipupwe kilikuwa majira ya safari. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora, na kutoka hapo ikaendelea mpaka Ujiji. Wanyamwezi walisifiwa kuliko wote kwa kazi ya upagazi. Wengi wao walikuwa wakulima, kwa hiyo waliondoka kwao baada ya mavuno, nao walijitahidi kurudi kabla ya mvua ili walime. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kadiri ya frasila mbili, yaani kilo 32 hivi.

Wageni nao walipita nchi hii katika miezi mikavu. Wazungu wawili, Richard Burton na John Speke, waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kazeh, karibu na Tabora, mwezi wa Novemba. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, Speke alitoka Kazeh akaenda kaskazini pamoja na wapagazi wake, na mwanzo wa Agosti 1858 akaliona ziwa kubwa ambalo leo huitwa Viktoria. Safari hiyo yote aliifanya katika kipupwe.

Wapagazi wengine waliwaacha wake zao nyumbani na watoto. Wengine walisafiri pamoja nao, na mama alitembea na mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Katika safari kama hizo mama alijifunza kwamba joto la kwanza la mtoto ni mwili wa mzazi wake. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na misafara ya miguu ikaisha. Lakini mbeleko haikuisha.

Elimu hiyo ya mbeleko imeheshimiwa hata na waganga wa nchi za mbali. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá, nchi ya Kolombia, madaktari walikuwa na watoto wengi waliozaliwa kabla ya wakati wao, na mashine za kuwapasha joto hazikutosha. Wakawapa mama zao, wawaweke uchi kifuani, ngozi kwa ngozi, na kuwafunika kwa nguo juu. Njia hiyo iliokoa watoto wengi, na sasa hufundishwa katika hospitali za nchi nyingi, na Tanzania ni mojawapo.

4. Kazi ya mchana

Tuwatazame sasa mume na mke vijana wa Choma. Wana watoto wawili: wa kwanza ana miaka mitatu, wa pili ana miezi minne. Nyumba yao ni ya udongo na kuta zake zimepasuka kidogo kwa ukavu wa Juni. Je, wafanye nini?

Kwanza, mume atazame kuta. Methali yasema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Katika kipupwe ufa ni mlango wa upepo, na mtoto hulala chini, mahali upepo upitapo. Basi akande udongo pamoja na majani makavu, azibe nyufa zote zilizo karibu na kitanda. Lakini dirisha asilizibe. Nyumba yahitaji hewa safi, hata usiku wa baridi.

Pili, matandiko yaanikwe juani kila siku. Jua la saa sita hukausha unyevu wa usiku, na blanketi kavu lina joto kuliko blanketi lenye unyevu, hata likiwa jembamba. Kabla jua halijatua yaingizwe ndani, yasije yakapoa nje.

Tatu, mtoto aogeshwe mchana, si jioni. Mahali pa kumwogeshea pasiwe na upepo. Mama atie maji ya baridi kwanza katika beseni, kisha ya moto, ayapime kwa kiwiko chake. Akimaliza amkaushe upesi, kichwa kwanza, kwa kuwa kichwa cha mtoto mchanga ni sehemu kubwa ya mwili wake. Mtoto aliyezaliwa leo asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Afutwe tu na kukaushwa, na kuwekwa kifuani pa mama yake.

Nne, nguo za mtoto zifuate saa za siku. Alfajiri avae nguo mbili na kofia. Mchana apunguziwe. Mama wengine humwacha mtoto na sweta zito mpaka alasiri, naye akatoka jasho. Jioni inapoingia, jasho lile hupoa juu ya ngozi yake. Huko si kumkinga mtoto na baridi, bali ni kumtayarishia.

Tano, fedha za pamba. Pamba ya nchi hii huuzwa katika miezi hii mikavu, na mkulima hupata fedha nyingi kwa siku moja, naye huzingojea tena mwaka mzima. Mume mwenye akili huketi na mkewe kabla ya siku ya mizani, wakahesabu pamoja: blanketi la watoto, chandarua, na akiba ya siku ya ugonjwa. Vitu hivyo vikishatolewa katika hesabu, kinachosalia na kitumiwe kwa mengine. Chandarua kisisahauliwe kwa kuwa mbu wamepungua. Wamepungua, lakini hawajaisha.

5. Moto ni rafiki, tena ni adui

Siku moja mama wa yule mume alikuja kuwaamkia wajukuu wake. Akakuta mtoto mchanga amelazwa juu ya mkeka karibu sana na mafiga, na moto unawaka.

"Mwanangu," akamwambia mkamwana wake, "mbona mtoto yuko hapa?"

"Mama, usiku baridi ilikuwa kali," mwanamke kijana akajibu. "Nilimleta apate joto."

"Umefanya kwa upendo, mwanangu. Lakini moto hauchagui. Humpasha moto mtoto, na cheche moja ikiruka humla. Tena tazama moshi huu, unaingia puani mwake. Mtoto mpe mgongo wako au kifua chako. Moto mpe chungu."

Maneno ya bibi yule ni ya kweli, nasi tuyafikiri moja moja.

Moshi wa kuni hudhuru mapafu. Mtoto akaaye katika moshi kila siku huugua kifua kwa urahisi kuliko mwenzake. Kwa hiyo kupika kufanywe nje au katika jiko lenye njia ya moshi.

Jiko la mkaa ni la hatari kwa namna nyingine. Mkaa hautoi moshi mwingi, na kwa hiyo watu hudhani ni salama, wakauingiza chumbani na kufunga mlango. Lakini mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Watu waliolala huivuta bila kujua, wala hawaamki tena. Jiko la mkaa lisilale na watu chumbani hata usiku mmoja, hata likionekana kama limezimika.

Kuungua nako huja sana katika majira haya, maana watoto hukusanyika kuota moto. Wazee husema, "Mtoto akililia wembe, mpe." Mzazi asiitumie methali hiyo kwa moto. Mafiga yazungushiwe uzio mdogo wa udongo au miti mibichi, na chungu cha maji ya moto kisiwekwe chini ukingoni mwa njia. Mtoto akiungua, mahali palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Asipakwe samadi, wala mafuta, wala unga, wala dawa ya meno, kwa kuwa vitu hivyo huziba joto ndani na kuleta vijidudu katika kidonda. Kisha afunikwe kwa kitambaa safi na kupelekwa kwa mganga wa zahanati.

6. Chakula cha kipupwe

Mwili hufanya joto lake kwa chakula, kama vile moto ufanyavyo kwa kuni. Mtoto wa miezi minne chakula chake ni maziwa ya mama peke yake, mchana na usiku, mpaka atimize miezi sita. Hahitaji maji, wala uji, wala dawa za majani za kufukuza baridi.

Yule wa miaka mitatu apewe chakula mara nyingi kidogo kidogo. Asubuhi na mapema apate uji wa mtama au wa ulezi uliotiwa karanga zilizotwangwa, au maziwa yaliyochemshwa. Uji mtupu hujaza tumbo kwa saa moja. Uji wenye karanga una nguvu ya kumfikisha mchana.

Katika miezi hii ya jua kavu akina mama wa Usukuma na Unyamwezi hutengeneza viazi vya akiba. Viazi vibichi vilivyokatwa vipande na kuanikwa huitwa michembe. Vilivyochemshwa kwanza, kisha vikakatwa na kuanikwa, huitwa matobolwa. Hekima yake ni kubwa, maana jua lile lile linalokausha nchi hukausha chakula kisioze, nacho hukaa mpaka miezi ya njaa kabla ya mavuno mapya. Mke kijana asiyejua kazi hii na ajifunze kwa mama mkwe wake.

Mkoa wa Tabora husifika pia kwa asali. Mtoto aliyepita mwaka mmoja akiwa na kikohozi chepesi, kijiko kidogo cha asali humtuliza koo. Lakini mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asionjeshwe asali kamwe. Asali yaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtu mzima huvishinda, lakini tumbo la mtoto mchanga haliwezi.

7. Usiku wa kikohozi

Tuseme usiku mmoja wa Julai mtoto mchanga wa nyumba ile anakohoa. Mama aondoa nguo kifuani pa mtoto, amtazama akiwa ametulia, wala hanyonyi wala halii. Baba ashika saa, nao wahesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima.

Hesabu hii yafaa kujulikana katika kila nyumba. Mtoto asiyetimiza miezi miwili, pumzi zake zikifika 60 kwa dakika, ni hatari. Mtoto wa miezi miwili mpaka mwaka, zikifika 50, ni hatari. Mtoto wa mwaka mmoja mpaka miaka mitano, zikifika 40, ni hatari. Tena ikiwa sehemu ya chini ya kifua chake inabonyea ndani kila avutapo pumzi, au hawezi kunyonya, au analegea hata haamki vema, basi hatari ni kubwa zaidi. Huenda ni homa ya mapafu, ambayo wengine huiita kichomi. Ugonjwa huu huua watoto wadogo wengi duniani, lakini ukigunduliwa mapema mara nyingi hupona kwa dawa.

Wazazi wale wanahesabu pumzi 58. Baba akumbuka kwamba kesho ni siku ya kupima pamba yake. Je, angojee mizani, kisha ampeleke mtoto jioni akiwa na fedha mkononi? La. Pamba itangoja mahali pake. Pumzi ya mtoto haingoji. Basi mama amfunga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, ajifunika blanketi juu. Baba achukua kadi ya mtoto na akiba ndogo waliyoiweka. Nao wafunga safari ya zahanati usiku ule ule. Jirani yao abaki na mkubwa. Methali yasema, "Kinga na kinga ndipo moto uwakapo." Nyumba changa isiyo na jirani ni kinga kimoja.

Iko pia kinga inayotangulia ugonjwa. Tangu mwaka 2013 watoto wa Tanzania huchanjwa chanjo ya kuzuia aina moja kubwa ya homa ya mapafu, wakiwa na umri wa wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Mzazi asikose siku hizo kwa sababu ya kazi ya shamba.

8. Wajibu wa mwanafunzi

Ninyi mnaosoma kitabu hiki bado hamjawa baba wala mama. Lakini wengi wenu mna ndugu wadogo nyumbani, na mara nyingi ninyi ndio mnaoachiwa mtoto wakati mama amekwenda kuchota maji katika visima vya mchanga. Kwa hiyo somo hili si la kesho, ni la leo jioni. Ingiza blanketi kabla ya jua kutua. Mtoe mtoto karibu na mafiga. Toa jiko la mkaa nje. Ukimwona mdogo wako anapumua mbio mbio, usiseme, "Ni mafua tu." Mhesabu, kisha mwite mama.

Mungu aliyeweka masika ameweka na kipupwe, naye amewapa watu akili ya kukaa katika yote mawili. Kazi hizi hazihitaji mali nyingi. Zahitaji mtu anayekumbuka saa nane mchana, jua likiwa kali, kwamba saa kumi ya usiku itakuja.

Maneno ya kujifunza

Mafiga: mawe matatu ya kutegea chungu juu ya moto.
Mbeleko: nguo ya kumbebea mtoto mgongoni.
Mkamwana: mke wa mwana wa mtu.
Kinga: kijiti kinachowaka moto.
Frasila: kipimo cha uzito cha zamani, kadiri ya kilo 16.

Maswali

1. Taja sababu tatu zinazoleta baridi ya kipupwe katika nchi ya Tabora.
2. Kwa nini mtoto mchanga hupoa upesi kuliko mtu mzima? Eleza kwa mfano wako mwenyewe, usiwe wa ugali.
3. Wapagazi wengi wa Unyamwezi waliondoka kwao lini, nao walitaka kurudi lini? Kwa nini?
4. Kwa nini jiko la mkaa ni la hatari ingawa halina moshi mwingi?
5. Mtoto wa miaka miwili ana pumzi 44 kwa dakika. Je, kuna hatari? Mtoto wa miezi mitatu ana pumzi 44. Je, naye?
6. Eleza tofauti ya michembe na matobolwa.
7. Baba katika sehemu ya 7 aliiacha siku ya mizani. Andika aya moja ukieleza kama ungefanya hivyo hivyo, na kwa nini.
8. Jioni ya leo tazama nyumbani kwenu. Andika mambo mawili yanayofanywa vema kwa ajili ya watoto wadogo, na jambo moja ambalo wewe mwenyewe waweza kulitengeneza.